MAWE YA MAHAME YETU
Hotuba juu ya kupima na kulinda magofu ya kale

(Hotuba hii ilisomwa na karani mmoja mbele ya wazee, walimu na vijana wa kijiji kimoja cha pwani ya Kenya, siku chache kabla ya wapimaji kufika. Tunaipiga chapa kwa kuwa wasomaji wa vijiji vingine nao wana mahame yao.)



Heshima niliyopewa leo imezidi kimo changu, maana mbele yangu wamekaa wazee walioyajua mahame haya kabla mimi sijazaliwa. Penye wazee haliharibiki neno. Basi nikikosea, nitafurahi kusahihishwa. Mimi ni karani tu, na kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini kalamu hiyo ndiyo iliyonifunza jambo ninalotaka kuwaeleza.

Tangu habari ya wapimaji ilipofika hapa nimesikia maneno ya namna tatu. Wa kwanza husema, "Yale ni mawe tu, afadhali tuyachome tupate chokaa." Wa pili husema, "Chini ya mawe yale mna mali. Tuchimbe sisi kabla hawajachimba wengine." Na wa tatu husema, "Kupima ni hila. Leo kamba, kesho watatunyang'anya mashamba." Maneno haya yote matatu yastahili kujibiwa kwa adabu, wala sitamcheka mtu yeyote aliyeyasema.

Kwanza nitawapeleka Gedi, mahali ambapo wengi wenu mmepita. Mji ule ulio mahame u karibu maili kumi kusini ya Malindi, na kutoka baharini ni kama maili nne. Ukuta wake wa nje umezunguka ekari zipatazo 45. Ndani yake mna msikiti mkuu, jumba la mfalme, nyumba za mawe ya matumbawe, visima, na makaburi. Kaburi mojawapo lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijra, ndio mwaka 1399 kwa hesabu ya Kizungu. Mji ulikaliwa miaka mingi, kisha mwanzoni mwa karne ya kumi na saba watu wakauacha, na msitu ukaingia majumbani. Kwa nini waliondoka? Wataalamu wengine hutaja Wazimba waliopita pwani mwaka 1589 wakiharibu. Wengine hutaja kuhama kwa Sheikh wa Malindi kwenda Mombasa. Wengine hutaja kuja kwa Wagalla, ndio wanaoitwa sasa Waoromo. Na wengine husema maji ya visima yalishuka. Pengine sababu zote zilikutana.

Sasa fikirini jambo hili. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakakaa katika pwani hii miaka mingi, wakaandika barua na vitabu. Lakini katika maandiko yao hakuna habari iliyo wazi ya mji huu, uliokuwa mwendo wa nusu siku tu kutoka Malindi. Basi, kama tungengoja vitabu vituambie habari za Gedi, tusingejua neno. Yote tunayoyajua yametoka katika mawe, vigae, shanga, na visima. Mawe yale ndiyo kitabu, wala hakuna nakala ya pili.

Kitabu hicho karibu kipotee. Sir John Kirk alipazuru mahali pale mwaka 1884, na baada yake wakaja watu wa kila namna. Mafundi wa zamani walikuwa wamepamba kuta kwa sahani na mabakuli ya Kichina, wakiyapachika ndani ya chokaa. Wageni wakaja wakayabandua wakaenda nayo. Mwaka 1927 mahali pale pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya kale, na mwaka 1929 pakawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Kuta zilizokuwa karibu kuanguka zikaegemezwa na kutengenezwa katika miaka ya mwisho wa 1930. Mwaka 1948 Gedi ikafanywa Hifadhi ya Taifa, na Bwana James Kirkman akawekwa kuwa mwangalizi wake. Yeye pamoja na wafanya kazi wake walifyeka, wakapima, wakachimba kwa taratibu miaka kumi, hata mwaka 1958. Tangu mwaka 1969 uangalizi u mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2024 Gedi iliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mkiingia Gedi leo mtaonyeshwa nyumba zenye majina: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Majina haya si ya wenyeji wa kale. Kila nyumba ilipewa jina la kitu kilichoonekana ndani yake wakati wa kuchimba. Mkasi uliandikwa katika daftari kuwa ulitoka nyumba ile, chumba kile. Sasa niambieni: kama mtoto mmoja angaliuokota mkasi ule mapema akaupeleka kwao kukatia nguo, nini kingalipotea? Mkasi wenyewe ungalikuwapo, pengine ungaliweza hata kuuzwa. Lakini nyumba ingalikosa habari yake, na mkasi nao ungalikosa nyumba. Mkasi usio na mahali ni chuma kikuukuu tu.

Ndugu zangu, ninasema hivi kwa sababu mtoto wa namna hiyo nilikuwa mimi.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, bibi yangu alikuwa na shamba la muhogo kando ya mahame haya haya yetu. Siku moja baada ya mvua kubwa niliokota kigae cha bakuli chenye maua ya buluu na ushanga mmoja mwekundu. Ushanga niliubadili shuleni kwa penseli. Kigae nilikificha, na mama yangu akaja kukitia katika sanduku lake la nguo. Wakati ule ilikuwako nguzo ya kaburi imesimama, ndefu kuliko mtu mzima, na watoto tulikuwa tukiiogopa tukipita jioni.

Miaka mingi ikapita. Nilipokuwa mtu mzima niliajiriwa kwa majuma machache kuwaandikia wapimaji waliokuja kutazama mahali pale kwa mara ya kwanza. Nilipofika sikuiona nguzo. Ilikuwa imevunjwa ikaingizwa katika tanuu la chokaa, na chokaa yake imepakwa ukuta wa duka moja. Na duka lile nalo limekwisha kuanguka. Nguzo iliyosimama mamia ya miaka imetupatia ukuta usiofika miaka ishirini.

Nikaenda kwa mama nikakiomba kile kigae, nikampelekea mama aliyekuwa mkuu wa wapimaji, nikitumaini kusifiwa. Akakigeuza mkononi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulikiokota wapi? Kaburini, kisimani, au ndani ya nyumba? Juu ya ardhi au katika shimo?" Nikafikiri sana. Nilikumbuka mvua, nilikumbuka maua ya buluu, lakini mahali sikupakumbuka. Akaniambia niandike mwenyewe katika daftari, nami nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: "Mahali hapajulikani." Kigae kile kimo katika bahasha yenye maneno hayo hata leo. Nimeandika barua nyingi katika ukarani wangu, lakini hakuna maneno yaliyonitia haya kama hayo mawili.

Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema "ni mawe tu." Na kwa wanaotaka kuchimba mali nitasema hivi: Bwana Kirkman na watu wake walichimba miaka kumi katika mji wa matajiri, na walichopata kwa wingi ni vigae, shanga, kauri, na vyombo vya nyumbani. Faida yake ni elimu, si masanduku ya dhahabu. Anayechimba usiku kwa jembe akitafuta hazina huvunja sakafu, huchanganya tabaka za udongo, na asubuhi huondoka na malengelenge mikononi. Tabaka za udongo ni kama kurasa: ya chini ndiyo ya kwanza, ya juu ndiyo ya mwisho. Ukizichanganya, hakuna fundi awezaye kuzipanga tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pengine kijana mmoja ataniuliza, "Karani, mahali ni neno kubwa kiasi hicho?" Naam, ni kubwa. Kaskazini ya nchi yetu, kando ya Ziwa Turkana, iko Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyoanzishwa mwaka 1973, na ndani yake mna mahali paitwapo Koobi Fora. Mwaka 1972 Bwana Bernard Ngeneo, Mkenya, aliyekuwa akitembea huku macho yake yakiwa chini, aliona vipande vya mfupa katika mmomonyoko wa udongo. Vipande hivyo zaidi ya mia moja vilipounganishwa vikawa fuvu la kiumbe wa zamani sana wa ukoo wa binadamu. Kwanza wataalamu walidhani lina umri unaozidi miaka milioni 2 na nusu, wakabishana sana. Baadaye majivu ya volkano yaliyokuwa juu ya tabaka lile yalipimwa upya, ikaonekana umri wake ni karibu miaka milioni 2. Kosa lile lilisahihishwa kwa sababu moja: mahali fuvu lilipotoka palikuwa pameandikwa. Mahali pakijulikana, hata wataalamu wakikosea, wanaokuja nyuma yao huweza kurudi na kutengeneza. Mahali pasipojulikana, kosa hudumu milele.

Sasa nitawaeleza wapimaji watafanya nini, ili mtu asishtuke akiwaona. Watu kadha watajipanga mstari mmoja, kila mtu mbali kidogo na mwenziwe, kisha watakwenda polepole wakitazama chini. Akiona ukuta, kigae, kisima, au kaburi, mtu atasimama na kupaza sauti, na mstari wote utasimama. Mahali pale patatiwa alama ndogo na kupewa namba. Chombo cha mkononi kitasoma habari za setilaiti na kuonyesha mahali hasa pa kitu kile duniani. Picha itapigwa, na kando ya kitu kitawekwa kijiti chenye vipimo, ili atakayeiona picha ajue ukubwa. Karani ataandika: ni kitu gani, kina hali gani, ni nini kinachokiharibu, na nani mwenye shamba. Kwa kawaida hawatachimba, na vitu vingi wataviacha pale pale. Mwisho watachora ramani.

Wataandika pia maadui wa magofu, na binadamu ni mmoja tu kati yao. Mizizi ya mtini hupenya ukutani ikaupasua. Mvua huingia juu ya ukuta usio na kofia ya chokaa, ikaula kutoka ndani. Ng'ombe hujikuna katika nguzo. Moto wa kufyekea shamba hupasua matumbawe. Lakini pia si kila mti ni adui. Kivuli huzuia jua kali, na mizizi mingine hushika udongo usichukuliwe na maji. Kwa hiyo mtu asikate miti yote kwa bidii ya kusafisha. Lazima kila mti utazamwe kwa nafsi yake. Na hii ndiyo sababu ya kupima mara kwa mara: picha ya mwaka huu ikilinganishwa na ya mwaka ujao, ufa unaokua huonekana ungali mdogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kale ukianguka, huujengi tena, utajenga mpya tu.

Sasa nafika kwa neno la tatu, ndilo zito kuliko yote. Wengine wenu mnaogopa ya kuwa ramani itawatoa mashambani. Wazee wangu, hofu hii si ya ujinga. Katika nchi nyingi watu wamewahi kuambiwa kuwa mahali pao pamekuwa hifadhi, wakajikuta nje ya mpaka wasioushauriwa. Nisingekuwa mkweli kama ningewaambia jambo hilo halijapata kutokea. Lakini dawa ya hofu si kuwaficha wapimaji mawe, wala kuyavunja usiku kabla hawajafika. Mawe yakivunjwa, shamba halipati nguvu yoyote mbele ya sheria. Na sheria ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi yatutaka tutoe habari ya mambo ya kale tunayoyavumbua. Dawa ni kuwamo katika kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Tuchague wazee wawili watembee na mstari ule kila siku. Wapimaji waambiwe majina ya mahali kama tunavyopaita sisi, na mipaka ya mashamba kama tunavyoijua. Tuombe nakala ya ramani ikae hapa kijijini. Na kabla ya mpaka wowote kuwekwa, tuombe baraza kama hili, maneno yaandikwe na kutiwa sahihi. Mimi mwenyewe niko tayari kuandika bila malipo.

Mnaweza kudhani shida hizi ni zetu peke yetu. La. Huko Marekani, katika jimbo la Colorado, kuna hifadhi iitwayo Mesa Verde, yenye nyumba za mawe zilizojengwa chini ya magenge na Wahindi Wekundu wa kale, mababu wa mataifa ya Pueblo. Mwaka 1891 kijana mmoja wa Sweden, Gustaf Nordenskiöld, alichimba pale kwa uangalifu uliozidi wa watu wa wakati wake, akapakia vyombo na mifupa ya wafu. Watu wa huko wakakasirika, naye akakamatwa. Lakini akaachiliwa, maana haikuwako sheria ya kumzuia. Mali ile ikaishia Finland. Mwaka 1906 Wamarekani wakatunga sheria ya kulinda mambo ya kale, na mwaka huo huo Mesa Verde ikawa Hifadhi ya Taifa. Tangu hapo wapimaji wamekwisha kuandika mahali karibu 5,000 ndani yake. Lakini mifupa ile ya watu wapatao 20, pamoja na vitu 28 vilivyozikwa nao, haikurudi kwa wajukuu wao ikazikwa tena hata mwaka 2020. Hesabuni wenyewe: miaka 129 kungojea kurudishwa kwa vitu vilivyopakiwa katika msimu mmoja.

Sheria ile ilikuja baada ya mwizi, kama kawaida ya sheria. Sisi tuna bahati: sheria iko tayari, na magofu mengine yangali yamesimama. Kilichopungua ni nia yetu.

Na faida? Mtu mwenye njaa ana haki ya kuuliza. Gedi yatoa jibu. Wageni huja, na vijana wa jirani huwaongoza. Tena tangu mwaka 1993 wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga mabuu ya vipepeo na kuyauza ng'ambo kwa njia ya shirika la Kipepeo, ambalo makao yake ni pale pale Gedi. Mkulima aliyeuona msitu kuwa adui wa mahindi yake sasa ana sababu ya kutoukata. Siwaahidi kwamba mahame yetu yatakuwa Gedi. Mahame yetu ni madogo, na ahadi kubwa ni mzigo mzito. Nawaambia tu kwamba kitu kilichovunjwa hakina faida ya leo wala ya kesho.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu unakwisha. Naomba baraza likubali mambo haya matano. Kwanza, tangu leo mtu asichukue jiwe katika mahame kwa tanuu wala kwa nyumba. Pili, anayeona kitu asikiondoe. Aweke alama, aje amwambie mzee wa mtaa. Tatu, mwenye kigae au ushanga nyumbani aulete bila hofu, naye aseme mahali alipouokota kama anapakumbuka. Asipopakumbuka asione haya, maana si peke yake. Nne, wazee wawili wafuatane na wapimaji, na ramani moja ibaki kwetu. Tano, walimu wawapeleke watoto mahameni kwa mchana, wawaeleze habari zake, ili wapaone si mahali pa majini tu bali pa watu: watu waliochota maji, wakapika, wakasali, wakazika wafu wao kama sisi.

Waliojenga kuta zile hawakutuachia barua. Wametuachia mawe mahali walipoyaweka. Tukiyaacha pale pale, na tukaandika vizuri tulichokiona, watoto wa watoto wetu wataweza kuyasoma kwa elimu kubwa kuliko yetu. Wala asiwepo karani mwingine wa kijiji hiki atakayelazimika kuandika kwa mkono wake, "Mahali hapajulikani."